Mwaka Ambao Kuku wa Shinyanga Walikula Vizuri

Naandika asubuhi, dagaa wakishaanikwa, kwa sababu saa hiyo hakuna anayeniita. Nina daftari la mistari mipana na kipande cha boksi la sabuni nilichokitoboa katikati, tundu refu jembamba mfano wa dirisha. Nakilaza juu ya mstari niliouandika, nasoma kile kinachoonekana dirishani, halafu nakisogeza. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Mdogo wangu anasema konokono aliyeanza safari pamoja nami angekuwa ameshafika Nansio kule Ukerewe na kurudi. Namwacha aseme. Habari hii inamhusu yeye, na bila yeye nisingethubutu kumwambia mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Alikuwa darasa la pili. Alirudi kutoka shule na barua imekunjwa mara nne ndani ya soksi, akanipa mimi, kwa sababu nyumbani kwetu mimi ndiye msomi. Mama hakukaa darasani hata siku moja. Baba anafanya kazi kwenye mitumbwi ya dagaa upande wa Ukerewe, nasi humwona mwezi ukiwa mkubwa, taa zao zikiwa hazina kazi. Kwa hiyo karatasi yoyote inayoingia mlangoni kwetu, ya shule, ya zahanati, ya kijiji, inakuja mkononi mwangu, kwa kuwa mimi nilimaliza darasa la saba.

Nilikwenda nayo nyuma ya choo. Nilitoa mfukoni kadi yangu, kile kipande cha boksi chenye dirisha, nikaisoma barua mara tatu. Kisha nikarudi nikamwambia mama kwamba anaitwa shuleni Jumatatu asubuhi. Mtoto hajui kusoma wala kuandika, na walimu wanaona arudie darasa.

Mama alikuwa anachambua mchicha. Hakusimamisha mikono.

"Arudie tena? La kwanza si alirudia?"

"Alirudia."

"Basi Jumatatu nakwenda kumchukua. Bibi yake kule Nansio kila siku ananiomba mtu wa kukaa naye. Atakwenda huko, atajifunza kulima, atajifunza nyumba. Mimi simtoi kwa kumchukia. Nimechoka kumwona anaumwa tumbo kila siku ya shule. Jumamosi haliumi, Jumapili haliumi. Mtoto gani tumbo lake linajua kalenda?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini anatoa mchanga kwenye kiatu. Yeye si kama mimi. Mimi huogopa hata kuuliza chumvi dukani kama kuna mtu nyuma yangu. Yeye huchekesha watu. Shuleni akisimamishwa asome, hutunga maneno yake, tena kwa sauti ya mwalimu mkuu, darasa likalala chini kwa kicheko, na fimbo anayopewa ni ya utundu. Fimbo ya ujinga inampita. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa amechagua mwenyewe ipi inauma kidogo.

"Nansio kuna machungwa," alisema. "Nitakula mpaka niwe wa njano."

Mama akacheka, nami nikacheka. Lakini wakati wa kulala nilimkuta anakunja sare yake ya shule, sketi chini, shati juu, kola ikiangalia mbele kama inavyokunjwa dukani.

"Dada," aliniuliza, "kule kwa bibi ninaweza kwenda nayo?"

Nilimnyooshea kola. Nilijua ana nini. Katika nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyejua, na nilijua kwa sababu mimi ninacho hichohicho. Ila ili kumwambia mama, ilibidi nimwambie pia jambo ambalo nilikuwa nimelificha miaka mingi, na ndani ya jambo hilo mlikuwa na magunia.

Nieleze kwanza habari ya magunia.

Mama na wenzake wanne huanika dagaa pamoja mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha, wanawachekecha kuondoa mchanga, wanajaza magunia, na lori moja huja kuyachukua yote. Ila kila mmoja ana mteja wake, na kila mteja ana mji wake. Mwingine yuko Kahama, mwingine Tabora, mwingine Shinyanga, mwingine Singida. Tangu nikiwa mdogo utaratibu ulikuwa mmoja. Kila mama ana kitenge chake, huchana ukanda, na gunia likishashonwa mdomo anaufunga ukanda huo kwenye mshono. Dereva anajua kwamba njano yenye ndege anateremsha Singida, bluu ya maua makubwa ni Shinyanga. Kitenge kikichakaa na kikabadilishwa, dereva anaitwa anaonyeshwa kipya, anakishika, anakigeuza, anasema "haya". Hakuna gunia lililopotea.

Nilipomaliza darasa la saba, mama alisimama mbele ya wenzake siku ya kupakia akasema, "Mambo ya matambara yaishe sasa. Tumesomesha. Binti yangu ataandika."

Wenzake walipiga vigelegele. Yule wa kitenge cha njano, ambaye ni jirani yetu na ana sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali, alikwenda mwenyewe kununua makapeni nyeusi, zile kalamu za wino mzito. Walinikabidhi kama mtu anayekabidhiwa ufunguo wa kanisa.

Sasa mimi darasa la saba nililimaliza, hiyo ni kweli. Nilikaa miaka yote. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wengi, kwa sababu nilichora herufi kama mtu anavyochora nyumba au kuku. Lakini kusoma sikuweza. Maneno hayakutulia. Nilikuwa nikiangalia mstari, ule wa chini unapanda juu, herufi mbili zinazofanana zinabadilishana nafasi, na nikifika mwisho wa neno mwanzo wake umeshanitoka. Nikisikia mwenzangu aliyenitangulia akisoma, nilikuwa nashika yote kichwani, na zamu yangu ikifika nashika kitabu na kusema kile nilichokisikia. Mwalimu akibadilisha ukurasa, nakaa kimya. Walimu walisema, mtoto huyu ana aibu. Nikaishi ndani ya neno hilo. Mtu mwenye aibu haulizwi sana.

Siku ile ya kwanza ya makapeni lori lilikuwa linawaka, dereva anapiga honi, kinamama watano wamenizunguka wananitazama kwa furaha. Nilikuwa nimeomba mtu aniandikie miji kwenye kiganja ili niige, lakini jasho lilikuwa limekwisha kuitia ukungu. Shinyanga na Singida, kwa macho yangu, yalikuwa kitu kimoja. Yote yanaanza vilevile, yote yanamaliza vilevile, katikati kuna msitu. Niliandika. Mama yangu alirudi nyuma hatua mbili, akatazama maandishi asiyoweza kuyasoma, akasema, "Ona."

Mteja wa Singida ni mama mwenye meza sokoni, anauza dagaa safi wa kula, wale weupe wasio na mchanga. Mteja wa Shinyanga anafuga kuku, na huchukua wale waliovunjikavunjika, waliochanganyika na maganda na mchanga, wa kusagia chakula cha kuku. Baada ya siku tatu simu zilianza. Mama wa Singida alisema amefungua gunia mbele ya wateja likamwaga ufukwe mzima wa ziwa. Mfugaji wa Shinyanga hakupiga simu. Alipopigiwa yeye, alisema kuku wamefurahi sana, na kama inawezekana aletewe tena wa aina hiyo.

Jirani yetu wa kitenge cha njano alikaa chini mchangani akacheka mpaka akashika mbavu. "Kuku wa Shinyanga wanakula vizuri kuliko Wakristo wa Singida!" Mpaka leo mwaloni kwetu mtu akipata bahati asiyostahili wanamwambia, wewe ni kuku wa Shinyanga.

Halafu wakamgeukia dereva. Walisema hasomi, anateremsha kwa mazoea, labda alikuwa na usingizi. Alikuja safari iliyofuata wakampokea na maneno. Alijitetea kidogo, kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sindano ya magunia mkononi. Sikusema kitu. Kinamama wakaamua kurudia vitambaa vyao, kwa kuwa dereva ndiye hajui kusoma, na mimi nikarudi kushona midomo ya magunia, kazi ambayo naiweza na naipenda.

Ningekuwa mtu wa vitambaa maisha yangu yote kama si mwalimu mstaafu.

Ni mama mtu mzima anayekaa Igoma, naye anafuga kuku. Alikuwa anakuja mwenyewe mwaloni kununua dagaa wa chakula cha kuku, na siku moja aliniomba niandike namba yake ya simu kwenye gunia ili limsubiri mpaka apate usafiri. Alikuwa anataja, naandika. Nilipomaliza alisoma, akarudia kusoma. Nilijua nimekosea. Nilisubiri acheke.

"Nani alikufundisha kuchora namba hivi?" aliuliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Ukisoma, herufi zinakufanyia nini?"

Katika miaka yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliniuliza kwa nini sisomi. Nilimwambia hazitulii. Nilisema kwa sauti ndogo sana hata akalazimika kuinama. Hakushangaa. Alinyoosha kidole kwenye magunia yaliyopangwa, arobaini na zaidi, akaniambia nigeuke nimpe mgongo wangu, nimtajie kila gunia ni la nani kuanzia la mwisho. Nilimtajia yote. Nilimwambia na lile ambalo ukanda wake ulikuwa wa kitenge cha zamani cha mama yangu, kwa sababu kipya kilikuwa kwenye kamba kinakauka.

"Basi kichwa hakina kasoro," alisema. "Kaa hapa."

Tulikaa juu ya gunia lake. Aliniambia kuna hali inaitwa disleksia. Mtu anazaliwa nayo, mara nyingi inapita katika damu ya ukoo, haiondoki, ila mtu anaweza kujifunza njia zake za kuishi nayo. Aliniambia si uvivu na hakuna aliyeniroga. Kisha akasema jambo ambalo naamini lilimgharimu. Alisema, "Kila mwaka nilikuwa na mmoja kama wewe darasani, au wawili. Miaka ya mwanzo niliwachapa. Nilipokuja kuelewa, wale wa kwanza walikuwa wameshaondoka, wengine wana watoto. Siwezi kuwafuata."

Nadhani ndiyo maana alinifuata mimi. Kwa zaidi ya mwaka, kila alipokuja kuchukua chakula cha kuku, alinipa nusu saa. Yeye ndiye aliyenikatia kadi ya kwanza yenye dirisha. Yeye ndiye aliyeniambia zile herufi mbili zinazonichanganya, yenye tumbo mbele na yenye tumbo nyuma, nizishone kwa uzi wa magunia, moja kwenye kitambaa cha njano, nyingine cha bluu. "Macho yako yanakudanganya," alisema, "lakini vidole vyako vimeshona magunia mangapi? Viulize vyenyewe." Nilishona. Nilipitisha kidole juu ya mshono nikiwa nimefumba macho, asubuhi na jioni, mpaka kidole kikajua. Nilipoweza kusoma sentensi nzima ya kwanza, ilikuwa kwenye mfuko wa chakula cha vifaranga. Ilisema weka mahali pakavu. Nilikwenda nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa nikalia peke yangu, kwa kuwa ilikuwa inasema kweli, na nilikuwa nimeielewa bila kuambiwa na mtu.

Lakini nyumbani sikusema. Ningesemaje kwamba sasa ndiyo nimejua kusoma, wakati walijua nilijua siku zote?

Basi ile Jumamosi baada ya barua, nilimchukua mdogo wangu nikakaa naye nyuma ya nyumba. Nilimpa kitabu chake. Nilimwambia asichekeshe. Alifungua mdomo, macho yakaanza kukimbia huku na huku, nikaona mdomo wangu mwenyewe na macho yangu mwenyewe. Nikamwekea kadi. Alitazama dirishani kwa muda mrefu.

"Hee," alisema. "Zimekaa."

"Zimekaa?"

"Zinatikisika kidogo tu. Dada, hizi nyingine umezificha wapi?"

Nilipanda gari kwenda Igoma siku hiyohiyo. Mwalimu mstaafu nilimkuta bandani amevaa mabuti. Nilimwomba Jumatatu aje shuleni aseme na mama na mwalimu wa darasa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Nikienda mimi," alisema, "watanisikiliza kwa heshima, watanipa kiti na soda, nikiondoka yamekwisha. Wewe ndiye uliyetoka humo. Nenda ukaseme." Kisha akaangalia magoti yake. "Na hizi ngazi za shule yenu pia siziwezi."

"Mwalimu, mimi siwezi kuongea mbele za watu."

"Nani kasema uongee? Nenda ukasome."

Jumapili yote sikula vizuri. Kanisani niliimba bila kusikia nilichoimba. Nilikuwa nahesabu watu ambao wangejua: mama, mwalimu wa darasa, kisha jirani wa kitenge cha njano, na yeye akijua, ziwa zima litajua. Na upande mwingine nilikuwa naiona ile sare iliyokunjwa.

Jumatatu tulitoka watatu. Mama alivaa kitenge kipya. Mdogo wangu alivaa sare, mkoba mgongoni, na njiani hakutania hata mara moja, jambo ambalo lilinitisha.

Mwalimu wa darasa ni msichana ambaye hanizidi miaka mingi. Tulimkuta ofisini anasahihisha madaftari akiwa amesimama, kwa sababu kiti kilikuwa na madaftari mengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Habari za kazi?"

"Nzuri mama, tunapambana. Karibuni."

Nilimwamkia, akaitikia. Mama hakuzunguka.

"Mwalimu, barua nimesomewa. Nimekuja kumchukua mtoto. Anakwenda kwa bibi yake Ukerewe."

"Kwenda kusoma huko?"

"Kwenda kukaa. Kusoma kumemkataa."

Mwalimu aliweka kalamu. Hakuonekana kufurahi, alionekana kuchoka. "Mama, mimi sijamfukuza. Mtoto ni mchangamfu, maswali ya mdomo anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Lakini ukimpa kitabu ni vichekesho. Nina watoto wengi, wengine wanakaa chini. Sijui nimfanyeje."

"Ndiyo hivyo," alisema mama. "Hata mimi sijui."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mguu mmoja juu ya mwingine, anatazama sakafu. Nilisubiri atanie. Hakutania.

"Mwalimu," nilisema, "mimi pia sijui kusoma."

Mama aligeuka. "We! Unasema nini wewe? Mwalimu, huyu amemaliza la saba. Barua yako yeye ndiye kaisoma."

"Niliisoma mara tatu, mama. Nyuma ya choo."

Nilimwomba mwalimu kitabu cha darasa la pili, chochote. Alinipa kile kilichokuwa juu. Nilisoma kwanza bila kadi, ili waone. Nilikwama neno la tatu, nikaruka mstari, nikarudia mstari uleule, nikachanganya. Mtoto wa darasa la pili angenicheka. Kisha nikatoa kadi mfukoni, nikailaza juu ya ukurasa, nikaanza upya. Nilisoma polepole, kidole changu kikipiga kila silabi mezani. Ilikuwa habari ya sungura na bustani ya mtu. Nilisoma ukurasa wote. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza nilieleza kwa maneno machache niliyonayo: disleksia, kwamba mtu anazaliwa nayo, kwamba mdogo wangu anayo, kwamba Jumamosi kwenye dirisha hili herufi zilimtulia.

Mama alikuwa ananitazama kama anatafuta kitu alichokiweka mahali siku nyingi.

"Yale magunia," alisema. "Dereva hakukosea."

"Hakukosea, mama. Ni mimi."

"Na sisi tulimtukana."

"Nilikuwepo."

Nilidhani atanipiga kibao, au atatoka nje. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilipoinua macho, alikuwa anacheka na machozi yanatoka, sijui kipi kilitangulia. "Mwalimu," alisema, "huyu unayemwona alilisha kuku wa Shinyanga dagaa wa watu." Ikabidi tumweleze mwalimu habari yote, naye akacheka hadi akaondoa madaftari kitini akakaa.

Mama alipofuta uso, aliniuliza kwa sauti ya chini, ile anayotumia nikiwa na homa, "Miaka yote saba ulikuwa unakaa hivyo, peke yako?"

"Ndiyo."

Hakusema pole. Alinishika sikio, akalivuta taratibu, kisha akaliachia.

Mwalimu wa darasa aliomba kadi. Aliiweka kwenye kitabu chake mwenyewe akaisogezasogeza. Alisema chuoni waliwahi kuisikia hali hiyo siku moja, somo moja, likapita. Alisema hawezi kuahidi makubwa. Atamkalisha mbele. Hatamsimamisha kusoma mbele ya wenzake bila kumwambia jana yake. Masomo mengine atamuuliza kwa mdomo. Darasa la pili atalirudia, hilo halikwepeki. "Lakini nusu saa kila siku ya kukaa naye sina," alisema.

"Mimi ninayo," nilisema. "Dagaa wakishakusanywa."

"Basi kila Ijumaa niletee daftari lake nilione."

Hakuna aliyemuuliza mtoto. Mama ndiye aliyekumbuka. Alimwita kutoka mlangoni, akamgeuza, akamshika mkoba. Kisha akainama, akaling'ata kwa meno pindo la kile kitenge kipya, ambacho alikuwa amekivaa kwa mara ya kwanza, akachana ukanda. Aliufunga kwenye mkono wa mkoba, fundo lilelile la magunia.

"Mwalimu," alisema, "huu mzigo hauteremki Nansio."

Hapo ndipo mdogo wangu alipolia. Alilia kwa sauti kubwa kama anavyofanya kila kitu, na watoto wa madarasa ya jirani wakachungulia dirishani. Mama akamwambia anyamaze, anaaibisha kitenge.

Nilimwomba radhi dereva safari iliyofuata. Nilimfuata upande wa pili wa lori ambako hakuna watu. Alinisikiliza, akatema mswaki wa mti aliokuwa anatafuna.

"Binti, mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Niliona kwenye magunia yote ya Shinyanga na ya Singida kumeandikwa mji mmoja. Nikasema nikiwaambia kinamama hawa kwamba msomi wao kakosea, nitakula wapi tena samaki? Nikagawa kwa kukisia."

Kwa hiyo hata kuku wale walipata bahati yao kwa kukisia kwa dereva. Nilimshukuru, na bado namshukuru. Watu wengi walinibeba bila mimi kujua. Kinamama waliorudia vitambaa vyao bila kuninyooshea kidole. Mwalimu wa darasa aliyetimiza yale machache aliyosema, kila Ijumaa, hata siku alizoumwa. Mwalimu mstaafu, ambaye sasa magoti yamemzuia kabisa, nami humpelekea chakula cha kuku hadi bandani, na kabla hatujasalimiana vizuri ananiambia nisome kilichoandikwa kwenye mfuko. Na mama, ambaye mwaka huu alichukua kadi yangu akaiweka juu ya kalenda ya ukutani, akakaa anatazama, akasema hata kwake hakuna kinachoonekana, ila tundu ni zuri.

Mdogo wangu yuko darasa la nne. Hasomi haraka. Amepoteza kadi tano, moja ililiwa na mbuzi. Tumbo haliumi tena siku za shule, labda siku ya hesabu. Ule ukanda bado uko kwenye mkoba, umepauka, na hataki ufuliwe.

Jana nilimpa kurasa hizi azisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikaa kizingitini na kadi yake ya sita. Alianza jua likiwa juu ya vichanja, akamaliza kivuli cha nyumba kikiwa kimefika kisimani. Nilijifanya nashona. Kila nilipomwangalia midomo yake ilikuwa inatembea.

"Dada."

"Nini?"

"Hapa umeandika nililia kwa sauti kubwa. Futa."

"Sifuti."

Alirudisha kadi juu ya mstari ule, akausoma tena, kidole kikipiga kila silabi, kama vile labda mara ya pili ungesema kitu kingine. Haukusema. Akageuza ukurasa.